Dole Gumba la Mwamvua

Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Machi, mwaka 2025, Serikali ya Jamhuri ya Shwari ilitangaza kwamba tangu siku hiyo hakuna kiumbe atakayetazamwa bila ridhaa yake. Tangazo lilisomwa na Mheshimiwa Waziri wa Wanyamapori, Mandhari na Tabasamu, mbele ya lango la Bustani ya Taifa ya Wanyama, huku bendi ya polisi ikipiga na viboko wawili wakiwa wameugeuzia umati migongo.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Waziri, "dunia imebadilika. Zamani mgeni alimwona simba, akaenda zake ameridhika. Mgeni wa leo haridhiki kwa kumwona simba tu. Anauliza, je, simba naye ameridhika? Ni swali gumu, na Serikali yenu sikivu haikulikimbia. Iliunda kamati. Kamati ilikwenda ng'ambo kujifunza, ikarudi na jibu pamoja na mizigo michache."

Watu walipiga makofi kwa sababu bendi ilikuwa imenyamaza.

Ukweli ni kwamba nchi jirani ilikuwa imetunukiwa Majani matatu ya Dhahabu na wakaguzi wa kigeni wanaopima furaha ya wanyama, nayo Shwari haikupata hata kijiti. Katika taarifa yao wakaguzi hao waliandika kuwa simba wa Shwari alionekana mwenye mawazo. Baraza la Mawaziri lilikaa siku mbili kuyajadili mawazo ya simba, kisha likaagiza kila mnyama apewe Hati ya Ridhaa, akiri kwa maandishi kwamba anakubali kutazamwa na kwamba ana furaha.

Palibaki tatizo la saini, nalo lilitatuliwa na Mwanasheria Mkuu kwa dakika tano. Alikumbusha kwamba Shwari ilikwisha kuwa na Sheria ya Wasiojua Kusoma. Chini ya sheria hiyo, asiyejua kusoma husomewa hati na mtu mwenye cheti, kisha hutia dole gumba kwa wino, na msomaji huandika chini yake: Nimemsomea yote, ameelewa. Sheria hiyo ilikuwa imewahudumia wananchi kwa miaka sitini bila malalamiko hata moja ya maandishi.

Sasa alihitajika msomaji. Bustani ilikuwa na wafanyakazi arobaini na watatu, wengi wao wasomi, lakini vyeti vyao vyote vilikuwa vimechukuliwa na tume ya uhakiki na havikuwa vimerudi. Cheti pekee ambacho hakuna aliyekitilia shaka kilikuwa cha mfagizi aitwaye Sikudhani Mawazo, ambaye kila mtu alimwita Mama Shukuru, kwa jina la binti yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, naye alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima Desemba iliyopita. Cheti chake kilining'inia nyumbani ukutani, pembeni mwa kalenda.

Katika maisha yake yote Mama Shukuru alikuwa amepata vitu vichache vilivyokuwa vyake peke yake, na cha mwisho kati ya hivyo kilikuwa saini. Aliibuni kwa wiki tatu. Ilianza kwa herufi S iliyosimama wima, ikaendelea kwa mawimbi madogo, ikaishia kwa mkia mrefu uliorudi nyuma na kupita chini ya jina lote. Mwalimu Kilasara, aliyemfundisha, alisema kuwa kwa saini hiyo hata benki ingemfungulia mtu mlango.

Kabla ya saini alikuwa na dole gumba. Aliwahi kulitumia mara moja katika jambo kubwa, miaka kumi na moja nyuma, siku karani alipomletea karatasi kuhusu shamba lake la viazi vitamu. Karani alimsomea kwa kifupi. Kwa kifupi, karatasi ilihusu maendeleo. Shamba hilo sasa ni uwanja wa kuegesha magari ya wageni wa bustani, naye hulifagia kila asubuhi.

Kwa hiyo Mkurugenzi wa bustani, Dakta Chambulilo, alipomwita ofisini na kumwambia kuwa taifa linauhitaji usomaji wake, Mama Shukuru alijiona amepandishwa juu ya kitu ambacho miguu yake haikukizoea.

"Nitasoma nini, Mkurugenzi?"

"Hati, mama. Vifungu kumi na tisa. Unamsomea mnyama, anatia kidole, unatia saini. Bwana Hizza wa Kitengo cha Ridhaa atakushikia wino."

"Na mnyama asipoelewa?"

Dakta Chambulilo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitazama dirishani. "Mama Shukuru," alisema, "hata mimi mkataba wangu sikuuelewa."

Kazi ilianza kwa kobe. Mama Shukuru aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka kidole chini ya neno la kwanza kama alivyofundishwa, akasoma. Alisoma kifungu cha kwanza, kinachosema kuwa kiumbe ana furaha, na cha pili, kinachosema kuwa furaha hiyo ni ya hiari. Alisoma mpaka cha kumi na nne, kinachosema hivi: Kiumbe anakubali kuhamishwa kwenda mahali popote, kwa shughuli yoyote, na kufanyiwa marekebisho yoyote ya mwili yatakayoonekana kufaa, bila kuulizwa tena. Hapo alisita.

"Hiki kifungu, Hizza mwanangu, kina maana gani?"

"Ni cha kawaida hicho, mama. Kila hati inacho."

Alisoma mpaka mwisho. Kobe alikuwa ameingiza kichwa ndani tangu kifungu cha tatu, jambo ambalo Hizza aliliandika kama kutafakari. Kusoma na kutia wino kulichukua saa mbili na robo.

"Mama," alisema Hizza akijifuta jasho, "tuna viumbe thelathini na wawili, na wakaguzi wanakuja mwisho wa mwezi. Kwa mwendo huu kobe atatutangulia. Soma kwa kifupi."

Neno hilo alilijua. Alilisikia likipita masikioni mwake kama mtu anayelijua jina lako, akaliacha lipite. Tangu mnyama wa pili alisoma mpaka kifungu cha kumi na moja, akaruka mpaka cha kumi na tisa, akatia saini chini ya maneno: Nimemsomea yote, ameelewa.

Ingekuwa vyema kusema kwamba aliruka kwa kumwogopa Hizza. Lakini Hizza alikuwa na umri wa bintiye, naye hakumwogopa. Aliruka kwa sababu mwisho wa ukurasa palikuwa na mstari mweupe ukimsubiri, na mkono wake ulikuwa na hamu ya kuuchora ule mkia.

Wanyama walitia kidole kwa namna zao. Simba alichomwa sindano ya usingizi, na waraka wa Wizara ukaeleza kuwa usingizi ni kiwango cha juu cha utulivu. Tembo alikanyaga beseni la wino, kisha akaikanyaga hati, kisha akaukanyaga mkoba wa Hizza. Chatu ndiye aliyeleta mjadala, kwa kuwa hana kidole. Wizara iliulizwa kwa simu, ikajibu kuwa itumike sehemu yoyote ya chatu iliyo karibu na kidole kwa nia. Hizza alichagua katikati.

Wa mwisho alikuwa sokwe aitwaye Mwamvua.

Mwamvua aliletwa bustanini akiwa mchanga, katika msimu wa mvua, ndani ya gunia la mtu aliyekamatwa akimuuza sokoni. Kwa miaka tisa alikuwa akikaa karibu na wavu kila Mama Shukuru alipofagia upande huo. Hawakuwa na mengi. Mama Shukuru humwambia habari za nyumbani, na Mwamvua hutoa mkono nje ya wavu, akamtoa mwenzake jani lililoshika kwenye kanga.

Siku hiyo hapakuhitajika sindano. Mwamvua alipomwona Mama Shukuru ameketi juu ya ndoo, alikuja mwenyewe akaketi mbele yake, akasikiliza. Alisikiliza kifungu hadi kifungu, akitazama kidole kinavyotembea chini ya maneno. Kidole kilifika cha kumi na moja. Kisha kikaruka. Mwamvua alikitazama kilipotua, akatazama tena kule kilikotoka, halafu akatazama uso wa Mama Shukuru.

Halafu akatoa dole gumba mwenyewe.

Waandishi wa habari walipiga picha. Siku iliyofuata magazeti yote mawili ya Shwari yaliandika: SOKWE ARIDHIA. Mama Shukuru alimfuta Mwamvua wino kwa pindo la kanga yake, na doa hilo halikutoka tena.

Wiki haikwisha kabla Wizara haijatangaza hatua ya pili ya mageuzi. Kamati ilikuwa imegundua ng'ambo kwamba bustani za kisasa kabisa hazina wanyama. Mgeni huvaa miwani mizito, akaona tembo wa mwanga akitembea hewani. Tembo huyo hali, haugui, wala hawazi. Miwani ikafika kwa meli. Wanyama halisi, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukubali kwa maandishi, walipangiwa majukumu mapya katika sekta pana ya utalii.

Heroe walipelekwa kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, wakakatwa mbawa wasiharibu mpangilio wa rangi. Chatu alipelekwa kupamba duka la manukato. Simba aliwekwa kwenye ukumbi wa mikutano kuwapa wajumbe ari. Kobe alibandikwa tangazo la kampuni ya mtandao wa kasi. Kila gari lililoondoka lilipita katika uwanja wa kuegesha magari, na Mama Shukuru alisimama na fagio lake juu ya matuta yaliyokuwa ya viazi, akahesabu.

Jumanne, tarehe 25 Machi, akifagia mbele ya ubao wa matangazo, aliona karatasi mpya. Zamani angefagia chini yake akapita. Sasa macho yake yalikuwa hayawezi tena kupita neno bila kulisoma. Karatasi ilisema kuwa Kiumbe Namba 32, sokwe, ataondoka Ijumaa kwenda Hoteli ya Fungate, ambako atavaa aproni na kupigwa picha na maharusi. Kwa usalama wa wageni, atang'olewa meno yote siku ya kufika. Chini yake iliandikwa: Kwa mujibu wa kifungu cha 14, kama alivyosomewa na kuelewa. Na chini kabisa, nakala ya saini yenye mkia mrefu.

Alasiri hiyo alikwenda darasani, ingawa alikuwa amehitimu. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, wengi wao akina mama. Mwalimu Kilasara alikuwa akiandika ubaoni. Mama Shukuru alimweleza habari yote akiwa amesimama mlangoni.

"Lakini ulimsomea yote?" aliuliza Mwalimu.

"Nilimsomea kwa kifupi."

Hakuna aliyekuwa mle ndani ambaye hakuwahi kusomewa kwa kifupi.

Bi. Pili, muuza mkaa aliyekaa mbele, aligeuka kuwatazama wenzake. "Mimi ndivyo nilivyoolewa," alisema. "Walinisomea kwa kifupi. Wake wenzangu wawili walikuwa kwenye sehemu iliyorukwa."

Walicheka, na Mama Shukuru akacheka nao, kisha akalia, na hawakujua walipaswa kuacha kucheka lini.

Mwalimu Kilasara alitoa kabatini Sheria ya Wasiojua Kusoma, iliyokuwa haijafunguliwa tangu ilipochapwa, wakaisoma kwa zamu, kila mtu aya moja. Iliwachukua mpaka jua likaingia chumbani kwa dirisha la magharibi. Katika aya ya ishirini na mbili, iliyomwangukia Bi. Pili, walikuta kuwa msomaji akikiri kwamba aliruka maneno, dole gumba hubatilika. Aya ya ishirini na tatu ilimwangukia Mama Shukuru mwenyewe. Aliisoma polepole. Ilisema kuwa msomaji huyo atanyang'anywa cheti, atahesabiwa kuwa hajui kusoma, na saini yake haitatambuliwa popote mpaka atakapofaulu mtihani upya.

"Hiyo unaweza kuiruka," alisema Bi. Pili kwa upole.

"Nimekwisha kuruka vya kutosha, dada."

Jumatano alikwenda kwa Mkurugenzi.

"Mama Shukuru, kaa kwanza," alisema Dakta Chambulilo alipomaliza kumsikiliza. "Nani amelalamika?"

"Hakuna."

"Basi umeona."

"Hawawezi kuandika, Mkurugenzi. Naweza mimi."

"Watakunyang'anya cheti. Nimekiona kile cheti. Ulikileta hapa kimefungwa kwenye gazeti, kisha mfuko, kisha gazeti jingine. Nakuomba kama mwanao, sema umesahau. Kusahau hakuna adhabu. Mimi nimesahau mambo mengi, na ndiyo maana bado nipo kwenye kiti hiki."

"Sikusahau. Kobe nilimsomea kifungu hicho chote, kwa hiyo nilikijua nilipokiruka." Alisogeza kiti mezani. "Naomba karatasi."

Aliandika kwa saa tatu mezani kwa Mkurugenzi. Aliorodhesha viumbe thelathini na mmoja, kila mmoja kwa jina lake, na mbele ya kila jina akaandika: niliruka. Mwisho akatia saini, taratibu kuliko siku zote, kwa sababu alijua ni ya mwisho.

Baraza la Ridhaa, lililopelekewa karatasi hiyo, liliketi Alhamisi, tarehe 27, na lilifanya hivyo mbele ya wageni, kwani wakaguzi wa Majani ya Dhahabu walikuwa wamewasili asubuhi hiyo na Mheshimiwa Waziri alitaka waone haki ikitendeka. Kuhusu wale thelathini wa orodha hiyo waliokwisha kuondoka, Mwenyekiti aliamua kuwa shauri limechelewa, kwa kuwa walikwisha kupokelewa na kuzoewa na wateja. Kuhusu Mwamvua, hati ilibatilika, ila angeweza kusomewa upya palepale. Sindano haikutajwa. Isingependeza mbele ya wageni.

Hizza ndiye aliyesoma, cheti chake kikiwa kimerudi kutoka kwa tume siku ileile, bado kina joto. Alisoma vifungu vyote kumi na tisa. Alipofika cha kumi na nne sauti yake ilipungua, na alipofika kwenye marekebisho ya mwili alimtazama Mkurugenzi, lakini Mkurugenzi alikuwa akitazama dirisha ambalo halikuwepo. Kisha akanyoosha kidau cha wino.

Mwamvua alitazama wino. Alitazama hati. Kisha akaingiza mikono yake yote miwili kwapani na kubana.

Hizza alimbembeleza. Mwenyekiti alimbembeleza. Mheshimiwa Waziri mwenyewe aliinama mbele yake kwa jina la taifa. Mwamvua alibana zaidi.

Mkaguzi mkuu wa kigeni alisimama akiwa na machozi. Mkalimani alieleza kuwa mgeni anasema amezunguka bustani za nchi sabini, na hii ni ya kwanza ambamo mnyama ana uhuru wa kukataa. Alitoa Majani mawili papo hapo.

Ilikuwa ni kazi ya nusu dakika kwa Mheshimiwa Waziri kunyooka. "Kama mnavyoona," alisema, "kukataa ni sera yetu."

Hivi sasa Mwamvua ndiye mnyama halisi pekee aliyebaki katika Bustani ya Taifa, na kibao langoni kinasomeka: MWONE SOKWE ALIYEKATAA. Wageni hutoka mbali kuja kukataliwa. Hupewa karatasi na kidau cha wino, humwekea Mwamvua mbele, naye hubana mikono kwapani, nao hupiga picha na kuondoka wamefurahi sana. Mabango kwenye viwanja vya ndege huuita huo utalii wa kukataliwa, na inasemekana nchi jirani imekwisha kutuma kamati kujifunza.

Barua ya kumfuta Mama Shukuru kwenye orodha ya wanaojua kusoma ililetwa na Hizza. Kwa kuwa alikuwa amehesabiwa kuwa hajui kusoma, ilibidi asomewe.

"Kwa kifupi, mama..." alianza Hizza.

Mama Shukuru aliweka fagio chini. Aliingiza mikono kwapani, akabana.

Hizza alishusha pumzi, akairudisha barua mwanzo, akaisoma yote, ukurasa hadi ukurasa, mpaka sauti ikamkauka. Ndipo Mama Shukuru akatoa dole gumba. Cheti kilichukuliwa, na ukutani pembeni mwa kalenda pamebaki msumari.

Kila mtihani unapokaribia, Dakta Chambulilo humletea fomu. Wizara ina hamu sana ya kumwona akifaulu, maana imegundua kuwa Mwamvua hunyima kila mtu kidole isipokuwa yeye, na Hoteli ya Fungate bado inamuulizia sokwe huyo. Mitihani miwili imekwisha pita. Mama Shukuru huingia chumbani, hukaa, huyasoma maswali yote kuanzia la kwanza hadi la mwisho kwa sababu hawezi kuyaruka, hujua majibu yake, na mbele ya kila swali huandika kwa herufi za kutetemeka za mtu anayeanza: Sijui. Msimamizi humsikitikia.

Wala haimaanishi kuwa ametua mzigo. Watu humsifu kwa ajili ya Mwamvua, naye huwaambia wahesabu vizuri, kwani aliyebaki ni mmoja, na kobe hayumo katika hesabu yake kwa kuwa alimsomea yote, ila thelathini walioondoka ni wake. Kila asubuhi, kabla wageni hawajavaa miwani, huzungukia vizimba vitupu na fagio lake. Husimama mbele ya cha simba, cha tembo, cha heroe. Hana hati mkononi na haihitaji. Huanzia kifungu cha kumi na mbili, pale alipoacha, akavisoma kwa sauti mpaka cha kumi na nane, kizimba kwa kizimba. Amechelewa, na anajua kuwa amechelewa. Akimaliza, hupita uwanja wa magari, akaufagia.

Nawe uliyeisoma karatasi hii mpaka hapa, usiiweke. Mpe mwenzako. Ikiwa mwenzako hajui kusoma, kaa naye umsomee, ukiweka kidole chini ya kila neno. Akikuambia ana haraka, au ukiona wewe mwenyewe unaukimbilia mwisho, simama, urudi pale ulipoanza kuharakisha. Msomee yote.